Siku Nilipoitanguliza Lionja

Kuna aibu ambazo mtu akizisimulia mara mbili tatu zinageuka kichekesho, lakini hii yangu kila nikiitoa naona imeongezeka uzito, kwa hiyo mkiniona nimenyamaza katikati mnivumilie. Watu walichimba kaburi lisilo na mwenyewe, mama mmoja mtu mzima akakosa kuuona uso wa ndugu yake, na aliyeyafanya hayo hakuwa mchawi wala adui wa mtu. Ni mimi Seif, mstaafu, mwenye cheti cha kidato cha nne kwenye fremu ukutani, na niliyafanya nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na chai pembeni.

Tuna chama chetu cha kuzikana. Kilianzia Lionja, huku Nachingwea, miaka mingi iliyopita, kisha wenzetu waliohamia Ruangwa wakaanzisha tawi lao Mandawa. Mimi nakaa Nachingwea mjini, na kwa kuwa nina umeme wa uhakika kidogo, na kwa kuwa kabla ya kustaafu nilikuwa opereta wa redio ya upepo serikalini (kazi ya kupokea ujumbe na kuurudia neno kwa neno mpaka aliyeutuma aseme ndiyo hivyo hivyo), chama kikaniletea kompyuta ya zamani na kijisanduku cha kutia laini ya simu. Mtu akifiwa anatuma ujumbe mfupi kwenye namba ya chama, na mashine yenyewe inawatumia wanachama wote habari. Aliyetutengenezea ni mwalimu Neema, binti wa Mwanza aliyepangiwa kufundisha huku, mpole, mwenye kuniamkia shikamoo hata tukiwa tumeonana asubuhi hiyo hiyo.

Kila tawi lilikuwa na faili lake la mipangilio. Msitishwe na neno hilo. Ni kama karatasi tu iliyo ndani ya kompyuta, inayoiambia mashine la kufanya: wanachama namba zao ni hizi, salamu ya kuanzia ni hii, na aliyetuma habari asipoandika mahali pa msiba, basi mahali ni hapa. La Lionja lilisema Lionja, nyumbani kwa mwenyekiti. La Mandawa likasema Mandawa, nyumbani kwa mwenyekiti. Sasa ubaya wa kuwa na mafaili mawili ni kwamba msiba wa Lionja walikuwa wanaujua wa Lionja peke yao, na wa Mandawa hivyo hivyo, na watu walishaanza kulalamika kwamba hatuonani makaburini kama tusio ndugu. Tukafanya mkutano, ikaamuliwa mafaili yaunganishwe liwe moja, wote wapate habari zote, na mahali pa kawaida pawe Lionja kwa sababu ndiko wanachama wengi waliko. Wa Mandawa wakifiwa wataandika wenyewe kwamba ni Mandawa.

Kwenye mkutano huo mwenyekiti wa Lionja alikuwa Mzee Hassani. Huyu nilisoma naye tangu darasa la kwanza, nikamzidi masomo, yeye akanizidi karibu kila kitu kingine. Alisimama akaegemea fimbo yake akasema, "Kuungana sawa. Ila Seif, sisi ndio wakubwa. Huko kwenye mashine yako usije ukatuweka nyuma ya watoto."

Watu wakacheka, na wa Mandawa nao wakacheka, maana ni kweli, kwetu mdogo hanawi mikono kabla ya mkubwa. Nikamwahidi mbele ya wote kwamba Lionja itatangulia.

Mwalimu Neema alikuwa anasafiri kwenda kwao likizo. Akaniachia karatasi aliyoiandika kwa mkono, herufi kubwa, akijua macho yangu. Ilisema nifungue lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe (nyie wa simu za kugusa hamlijui, ni maandishi meupe tu kwenye giza, ukiliandikia amri linatii, halikuulizi kama una hakika), kisha niandike: unganisha mandawa lionja. Chini yake akaandika, "La mwisho ndilo linaloshinda." Na chini kabisa, "Babu, kabla hujalitumia faili jipya, andika: onyesha, halafu ulisome lote."

Nikaitazama karatasi ile. Mandawa mbele, Lionja nyuma. Nikasema moyoni, mtoto wa watu ni mgeni, hajui mambo yetu. Lile neno la mwisho ndilo linaloshinda nililisoma, siwezi kusema sikulisoma, ila nililiona kama maneno ya kumbembeleza aliyewekwa nyuma, kama tunavyomwambia mtoto anayekula mwisho kwamba ndiye atakayelamba chungu. Basi nikamsahihisha mwalimu. Nikaandika: unganisha lionja mandawa. Nikabonyeza. Dirisha likakaa kimya kidogo, likaniletea neno moja, tayari. Kuhusu kuandika onyesha na kusoma lote, chai ilikuwa inapoa, na faili lilikuwa refu.

Kilichotokea ndani nilikuja kukielewa baadaye, wakati kuelewa hakunisaidii. Vitu vilivyo vingi, kama namba za simu, mashine inavimimina kwenye chungu kimoja vyote. Lakini jambo lililo moja tu, kama mahali pa msiba, ni kama kiti kimoja: wa kwanza anakaa, wa pili akija anamwondoa anakaa yeye, na mashine haijui mkubwa wala mdogo. Lionja iliingia kwanza kwa heshima zote, ikakaa. Mandawa ikaja nyuma, ikaiondoa.

Na balaa lingejitokeza mapema kama misiba ya mwanzo isingekuwa ya Mandawa. Ilikuwa miwili, watu wakapata habari, wakafika, wakazika. Nikasifiwa. Wakaanza kuniita fundi. Nikavimba kichwa, na kwenye mkutano uliofuata nikapendekeza (ni mimi, hakuna mwingine wa kumsingizia) kwamba watu waache kupigiana simu mmoja mmoja wakati wa msiba, kunachanganya habari, watume kwenye mashine tu na mashine itamaliza. Wakakubali.

Halafu akafa Hassani.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu asubuhi, nikiwa naota jua uani. Tumefiwa na Mzee Hassani, mazishi baada ya sala ya adhuhuri, mahali: Mandawa, nyumbani kwa mwenyekiti. Nilikaa nao mkononi muda mrefu. Nilijua alikuwa mgonjwa, na nilijua alikwenda Mandawa kwa binti yake kutafuta dawa, kwa hiyo nikasema amemalizikia huko huko, na kwa mvua hizi barabara ya udongo hawakuweza kumrudisha. Akili ikitaka kuamini kitu inajitafutia ushahidi yenyewe.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni Bi Somoe, dada yake Hassani, wa tumbo moja, na walikuwa wamebaki wao wawili tu. Bi Somoe hana simu. Namba aliyoandikiwa kwenye chama ni yangu, kwa hiyo habari zake zote zinapitia kwangu. Nikaenda kumwambia. Hakulia. Alishika nguzo ya baraza akauliza, "Mandawa? Kaka yangu azikwe Mandawa? Baba na mama wako Lionja." Kisha akasema, "Piga simu, kaka Seif. Uliza."

Nikamwambia, "Dada, mashine haikosei."

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu mama aliyefiwa.

Tukakodi Noah mbili, tukajaa wanachama wa mjini, mimi na Bi Somoe kwenye kiti cha pili. Njiani ndipo akaanza kuzungumza, taratibu, kama anazungumza na kioo cha gari. Akasema walipokuwa wadogo walikuwa wanakaanga korosho nyuma ya nyumba kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, Hassani akamnyang'anya sehemu yake, yeye akachukua kigae akamrushia, kikampiga kidevuni damu ikamwagika. Likabaki kovu. Hassani alipoota ndevu akazifuga asizinyoe tena maisha yake yote, na watu wakadhani ni dini au uzee, lakini yeye Somoe aliambiwa na mama yao kwamba kaka yake anazifuga ili dada asilione lile kovu akasikitika. "Sikumwomba radhi," akasema. "Kila nikitaka kusema anageuza mazungumzo. Leo hawezi kugeuza. Nitamfunua kidogo tu nilione, nimwambie."

Mnajua kwetu wanawake hawaendi makaburini. Nafasi yake ilikuwa moja, pale nyumbani, kabla jeneza halijatolewa. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, japo matope yalikuwa yanatutupa huku na huku.

Mandawa tulipokelewa vizuri mno, na hilo ndilo linaloniumiza. Mikeka ilikuwa imetandikwa, kina mama wameshaweka masufuria mekoni, na Bi Somoe alipoingia ndani kilio kikapanda, maana walikuwa wanamngoja yeye mfiwa. Mwenyekiti wao, Mzee Bakari, akanishika mkono akanivuta pembeni ya ua, vijana wake wanne wakiwa wamesimama na majembe yenye udongo mbichi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, mwili mnao nyie au unatokea Lionja?"

Nikamwambia si uko hapa.

"Hapa tuna kaburi," akasema. "Mtu hatuna."

Nikamtazama nikidhani anatania, yeye akanitazama akidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Akanieleza kwamba yule binti aliondoka na baba yake wiki iliyopita kumrudisha Lionja akiwa hai, na kwamba wao walipopata ujumbe walishangaa, lakini wakasema mashine ya Mzee Seif imesema Mandawa, basi wakubwa wameamua Mandawa, wakaingia kazini tangu asubuhi. Kijana mmoja aliyeegemea jembe akasema, "Basi tumemchimbia mtandao," na watu wawili watatu wakaficha midomo.

Wakati huo huo simu yangu, iliyokuwa imekosa mtandao njia nzima, ikaanza kulia mfululizo: nimetafutwa, nimetafutwa, nimetafutwa. Zote za Selemani, mtoto mkubwa wa Hassani. Nikampigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Baba mdogo, mko wapi? Shangazi yuko wapi?"

Nikamwambia tuko Mandawa.

"Mandawa mnafanya nini?"

Kumbe yeye alikuwa ametuma kama tulivyokubaliana, jina la marehemu na saa ya mazishi, mahali hakuandika kwa sababu mahali pa kawaida ni Lionja, akaweka simu chini akaingia kumwosha baba yake. Waliokuwa pale msibani walipouona ujumbe umeandikwa Mandawa ndipo wakamwita, akaanza kunitafuta, na mimi niko kwenye matope nasikiliza habari za korosho. Nikamwomba wasubiri. Akasema watasubiri wanavyoweza, ila wameshaswali, mawingu yanakuja, na shehe anasema maiti haicheleweshwi.

Kwenda ndani kumwambia Bi Somoe nilitamani mtu mwingine aende. Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa amekaa katikati ya kina mama, khanga kichwani, akingoja kuitwa kumwona kaka yake. Nilipomwambia, vilio vyote vikakatika kwa pamoja. Hakuuliza kwa nini. Alinyoosha mkono nimwinue, akasema, "Twende."

Njia ya kurudi sitaisimulia. Nilihesabu miti mpaka tunafika.

Lionja tulikuta wanaume wanatoka makaburini, wengine wanasuuza majembe kwenye ndoo karibu na mlango. Walisubiri mpaka mvua ilipoanza kudondoka. Selemani akaja kwenye dirisha la gari, macho mekundu, akasema tu, "Tulisubiri, shangazi." Bi Somoe akashuka, akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akaingia chumbani, akaomba aonyeshwe alipooshewa. Wakamwonyesha. Palikuwa bado pamelowa. Akakaa pale chini, akaweka kiganja kwenye ule unyevu.

Na sasa niwaambie jambo lililo baya kuliko yote, ambalo wengi hawalijui. Pale uani watu walianza kuulizana ilikuwaje, na mzee mmoja kwa wema wake akasema, "Mtandao huo. Siku hizi mtandao unasumbua sana." Wote wakanigeukia mimi, fundi. Ulikuwa mlango umefunguliwa, nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Mtandao."

Nilirudi nyumbani nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika neno nililopaswa kuliandika miezi mitatu kabla: onyesha. Nikasoma lote, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisoma ujumbe wa redio enzi zangu. Namba zote zipo. Salamu ipo. Mahali: Mandawa. Nikachukua karatasi ya mwalimu Neema nikaiweka pembeni ya kioo, mandawa lionja, la mwisho ndilo linaloshinda, na hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, mbele ya kompyuta. Miaka yote ya kazi yangu hapakuwahi kupita ujumbe ambao sikuurudia kabla ya kusema nimekupata. Ujumbe mmoja tu nilioacha kuurudia ndio uliokuwa wa rafiki yangu.

Siku ya hitma nilikwenda Lionja mapema. Mzee Bakari naye alikuja na watu wake kutoka Mandawa. Alinieleza kwamba lile kaburi hawakuliacha wazi, maana wazee wao walisema kaburi wazi linaita mtu mwingine, wakakata mgomba wakauzika humo, wakarudishia udongo. Alinieleza bila kunilaumu, kama mtu anayetoa taarifa, nikaona siwezi tena. Baada ya dua nikaomba nafasi, nikasimama, nikasema haikuwa mtandao. Nikaeleza yote: karatasi, kuiona Lionja imewekwa nyuma, kumsahihisha mwalimu, kutosoma, chai. Nikaeleza na uongo wangu wa pale uani.

Mzee Bakari akauliza taratibu, si kwa ubishi, anataka kuelewa kweli, "Kwa hiyo sisi tuliwekwa nyuma, ndiyo maana tukashinda?"

Nikasema ndiyo.

"Na aliyetaka mbele ni Hassani mwenyewe."

Nikasema ndiyo. Mtu mmoja akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Selemani alikuwa anaangalia mkeka. Nikasema kama mnataka kuichukua mashine ichukueni, na kama mnataka kunifukuza nitaelewa. Wakaleta chakula, wakaniwekea sahani kama wengine, nikashindwa kumeza.

Ndipo nikafanya kitu kimoja ambacho hakirekebishi chochote, lakini nilishindwa kukaa bure. Nikamtafuta Mzee Mshamu, aliyeongoza kumwosha Hassani, nikamwomba aje kwa Bi Somoe. Alisita. Mwosha maiti hatangazi aliyoyaona, hiyo ndiyo amana yake. Nikamwambia sitaki atangaze, nataka amjibu dada mtu swali moja, na kama haliwezekani anyamaze.

Bi Somoe alikuwa amekaa chumbani na kina mama. Mzee Mshamu akasimama mlangoni, akasalimia, akangoja. Bi Somoe akagusa kidevu chake mwenyewe kwa kidole.

"Hapa," akauliza. "Bado lilikuwepo?"

"Lilikuwepo," akasema Mzee Mshamu. "Nilizichana ndevu zake upande huo polepole. Alikuwa ametulia, mama. Kama mtu aliyelala."

Bi Somoe akaitikia kwa kichwa, akajifunika uso kwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya barazani, akalia. Mimi nilitoka nje.

Mwalimu Neema aliporudi nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Alishika kichwa, akataka kujilaumu kwamba angeandika vizuri zaidi, nikamkataza. Tukaunganisha upya, mandawa kwanza, lionja mwisho, nikasoma faili lote kwa sauti na yeye akiangalia. Chama hakikunifukuza. Lakini sasa ujumbe hautoki wenyewe, unakuja kwangu kwanza, na nimeapa, na kiapo hiki nakishika mpaka nitakapotangazwa mimi, kwamba hautatoka msiba hapa kabla sijampigia mfiwa nimuulize mko wapi, anijibu, nimrudishie neno kwa neno, aseme ndiyo hivyo hivyo. Vijana wananicheka kwamba nina mashine ya kutuma ujumbe mia kwa mara moja na bado napiga simu. Wacheke.

Juzi Selemani alimnunulia shangazi yake simu ndogo ya vitufe. Bi Somoe akaipokea, akashukuru, akaja nayo kwangu, akaiweka mezani pembeni ya kompyuta. Akasema yeye ni mzee, hawezi kujifunza, habari zake ziendelee kupitia kwangu kama zamani. Nikamuuliza, bado unaniamini, dada, kwa yote yale? Akafunga pindo la khanga yake, akasema nisisahau kuichaji, akaondoka zake. Angenitukana ningepumzika.